Fremu Tisa Kabla ya Suruali

Saa saba na dakika tano mchana, siku ya Alhamisi, Aprili ya mwaka 1943, Verna Sodergren alisukuma mlango wa chumba cha jasho akamkuta mzee Emmerich Lobl amesimama, leso mkononi, akifuta damu kwenye uso wa sanamu ya shaba. Alikuwa anaifuta taratibu, kuanzia paji la uso hadi kidevuni, kama mtu anayemnawisha mgonjwa. Chini ya miguu yake alilala Clyde Rademacher, mwongozaji wa katuni, kifudifudi, kisogo kimebonyea. Projekta ilikuwa imemaliza mkanda na bado inazunguka, ncha ya filamu ikipiga chak, chak, chak.

"Profesa," Verna akasema, "weka hicho kitu chini."

Lobl akamtazama kama aliyeamshwa usingizini. "Nimemkuta sakafuni. Amechafuka. Nikamwinua."

Hakuwa anamzungumzia Rademacher. Alikuwa anaizungumzia sanamu.

Verna akazima projekta, akamshika mzee kiwiko akamtoa nje, kisha akaenda kupiga simu polisi. Wakati anarudi, korido nzima ilikuwa imeshajaa watu, na wote walikuwa wanamtazama Lobl na ile leso nyekundu.

Studio ya Hartzog ilikuwa nyumba ya mbao ya ghorofa moja kwenye mtaa wa nyuma kule Hollywood. Watu sitini walifanya kazi humo, wakitengeneza katuni za dakika saba za kuonyeshwa kabla ya sinema kubwa. Chumba cha jasho kilikuwa cha chini, kidogo, hakina dirisha. Humo ndimo mwongozaji alimowaonyesha wachoraji michoro yao ya majaribio na kuwachambua mmoja mmoja, na jina la chumba lilitokana na hali za watu waliotoka humo.

Katuni waliyokuwa nayo safari hii ilikuwa ya kuzidhihaki zile sinema za muziki wa mabwana wakubwa: okestra nzima gizani, kiongozi na kifimbo chake, na watazamaji wanaambiwa wakae wima kana kwamba wako kanisani. Katika katuni ya Rademacher, kiongozi huyo alikuwa jogoo aliyenyonyolewa manyoya, kavaa koti la mkia. Jogoo anadai ukimya, okestra inamwadhibu. Anapigwa na tromboni, anakaliwa na ngoma, mwishowe anasimama kuinamia watazamaji na suruali inadondoka. Jogoo huyo alikuwa na ndevu za Lobl, mgongo wa Lobl, na mkono wa kushoto wa Lobl, unaotetemeka kidogo unapoinuliwa.

Na Lobl ndiye aliyeupanga muziki wa katuni hiyo. Alikuwa amekimbia Vienna na sanduku moja. Alihitaji mkate.

Sanamu ya shaba, kichwa cha mtunzi fulani wa zamani, Rademacher aliinunua mnadani ili kunogesha mzaha. Aliivisha pua nyekundu ya karatasi. Kila asubuhi Lobl aliingia chumbani humo, akaivua ile pua, akaipangusa sanamu kwa leso, akatoka bila neno. Kila jioni Rademacher aliivisha nyingine. Ulikuwa mchezo wa studio nzima. Watu waliwekeana dau ni lini mzee atalia.

Sajini Orrin Kettleman alifika saa saba na dakika ishirini na tano, kijiti cha meno mdomoni. Akamtazama maiti, akaitazama sanamu, akaitazama leso.

"Hii kazi nyepesi," akasema. "Karibu kuniaibisha. Huyo mzee raia wa wapi?"

"Austria," Verna akajibu.

"Mjerumani basi."

"Alikimbia Wajerumani, Afande."

"Wote husema hivyo. Na wewe ni nani humu?"

"Mkaguzi. Kila mchoro unapita mezani kwangu kabla haujapigwa wino. Nahesabu."

Kazi yake ilikuwa hiyo kweli, miaka kumi na moja sasa. Sekunde moja ya filamu ina fremu ishirini na nne. Kila onyesho la katuni lilikuwa na jedwali lake, karatasi ndefu yenye mistari, kila mstari fremu moja, na humo mwongozaji aliandika kitu gani kitokee wapi. Verna aliilinganisha michoro na jedwali, mmoja mmoja. Wachoraji walimwogopa kuliko walivyomwogopa Rademacher, kwa sababu Rademacher ungeweza kumchekesha.

Kettleman akamwambia abaki naye, amtafsirie mambo ya humo ndani. Wakaanza na mlango mkuu. Daftari la bawabu lilikuwa wazi. Saa sita na robo mchana, mjumbe wa maabara ya filamu alikuwa ameleta mkanda wa majaribio, onyesho la thelathini na nane hadi la arobaini na mbili. Rademacher aliutia sahihi mwenyewe, na bawabu alimwona akiingia nao chumba cha jasho saa sita na dakika ishirini.

"Alikuwa na mtu?"

"Peke yake. Alisema atakula baadaye. Alisema ana njaa ya kucheka kwanza."

"Wengine?"

"Mapumziko, Afande. Karibu wote uani nyuma, na mikate yao na karata. Nami nikawafuata kula."

Kettleman akaandika: *12:20 hai, 1:05 maiti.* Dakika arobaini na tano.

Lobl alihojiwa katika chumba cha piano. Alikaa wima, magoti pamoja.

"Kati ya saa sita na dakika ishirini na saa saba ulikuwa wapi, mzee?"

"Hapa hapa."

"Nani alikusikia unapiga piano?"

"Sikuipiga. Nilikuwa nasoma muziki. Ukisoma hautoi sauti."

"Basi hakuna shahidi."

"Hakuna."

"Ukaenda chumba cha jasho kufanya nini?"

"Kuvua pua. Asubuhi nilichelewa basi, sikupata nafasi. Nikaona ameanguka sakafuni na damu. Nikamwinua, nikampangusa, nikamrudisha mahali pake."

"Na yule bwana aliyelala na kichwa kimepasuka?"

"Nilimwona," mzee akasema. "Nilianza na yule niliyemheshimu."

Kettleman akamtazama Verna, kama anayesema: umesikia mwenyewe.

"Alikukosea nini Rademacher?"

"Mwezi wa kwanza aliniomba nisimame mbele ya wachoraji niongoze muziki. Alisema wanataka kumchora kiongozi wa kweli. Nilisimama saa mbili, Afande, nikatoa kila nilichokuwa nacho. Watu ishirini na saba walikuwa wananichora. Jumanne hii nikaonyeshwa walichochora."

"Wakacheka?"

"Wote."

Verna hakuinua macho.

"Mzee, nikuambie ukweli," Kettleman akasema, akihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. "Sababu unayo. Damu unayo. Alama za vidole zilizobaki kwenye sanamu ni zako tu, za wengine umezifuta kwa mkono wako. Saa kumi na moja gari linaondoka nawe. Baraza la wazee wa mahakama wa mji huu, wana wao wako vitani, wakikuona tu na hiyo lafudhi yako, watakupeleka chumba cha gesi kabla ya chakula cha jioni. Bora uungame."

"Niungame nini?" Lobl akauliza. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza njia.

Nje ya mlango, mwenye studio, Bwana Lew Hartzog, mnene, jasho likimtiririka, alikuwa amewakusanya watu wake. "Polisi wamesema hakuna kutoka mpaka saa kumi na moja," akatangaza. "Sawa. Mkiwa mmefungiwa, choreni! Katuni inatakiwa wiki ijayo. Clyde mwenyewe angetaka hivyo."

"Clyde angetaka tukae tumchore alivyolala," sauti moja ikasema nyuma, na watu wakacheka, kisha wakaona aibu, kisha wakacheka tena.

Aliyesema alikuwa Dell Vickery, mchoraji mkubwa wa studio, kijana wa miaka thelathini, mikono mirefu, mcheshi. Ndiye aliyekuwa amepewa onyesho la arobaini na moja, la suruali kudondoka, kwa sababu hakuna aliyejua kuchelewesha kicheko kama yeye. Na ndiye pekee aliyekuwa akimpelekea Lobl kahawa.

Ukutani nyuma yake kulikuwa na michoro ya utani. Ilikuwa desturi ya nyumba hiyo: ukikosea, ukipendwa, ukiachwa na mke, asubuhi unajikuta umechorwa na kubandikwa koridoni, na usipocheka ndiyo utachorwa zaidi. Wa asubuhi hiyo ulikuwa mkono wa Rademacher. Ulimwonyesha Dell na kofia ya chuma ya askari, anaelea kifudifudi baharini, na jogoo mnyonyolewa amesimama mgongoni kwake akiongoza okestra ya samaki. Dell alikuwa ameucheka kwa sauti kuliko wote.

Saa nane na nusu Kettleman alidhani amepata mtu mwingine. Askari wake alimleta Maxine Dabney, mpiga wino wa miaka ishirini na miwili, na glavu nyeupe ya pamba iliyokuwa na doa jekundu kwenye vidole vitatu.

"Imekutwa kwenye pipa la taka chooni, Afande."

"Yako hii?"

"Yangu." Maxine alikuwa ameshalia mpaka macho yamevimba.

"Kwa nini umeitupa?"

"Kwa sababu nimefukuzwa kazi! Saa tano asubuhi kanifukuza, mbele ya wenzangu wote. Kisa kitone cha rangi. Kanishika mkono akauinua juu akasema, tazameni, hivi ndivyo kwato zinavyoshika brashi. Sasa glavu ya nini? Niende nayo sokoni?"

"Ulimchukia."

"Nilimwombea afe," Maxine akasema. "Sikujua nasikilizwa."

"Na damu hii?"

Verna akaichukua glavu, akainusa, akaikwaruza kwa ukucha. Doa likabanduka kama ganda. "Damu haibanduki hivi. Hii ni rangi yetu, namba kumi na saba. Kilemba cha jogoo."

Kettleman akatema kijiti. "Yaani nimepoteza nusu saa kwa kilemba cha kuku."

"Huyu mtoto mwache, Afande. Mapumziko yote alikuwa kwenye meza yangu nikimwandikia barua ya kutafutia kazi kwingine."

Ilipofika saa tisa akaitwa Dell. Alikaa juu ya ukingo wa meza, akivuta sigara.

"Mapumziko ulikuwa wapi?"

"Uani, na wengine. Nilicheza karata, nikala mkate wa yai, nikavuta."

"Muda wote?"

"Nilienda kunawa mara moja. Uliza, watakuambia niliwala senti arobaini."

"Rademacher ulimwona saa ngapi leo?"

"Leo? Sikumwona. Jana jioni ndiyo mara ya mwisho, akaniambia kwaheri kwa kunikanyaga mguu."

"Mkanda ulioingia leo una kazi yako ndani. Hukwenda kuutazama?"

"Sikujua hata kama umefika. Tulipotoka kwenda kula saa sita ulikuwa bado maabara." Akapulizia moshi darini. "Afande, yule mzee mtamfanya nini?"

"Unafikiri nini?"

"Nafikiri amezeeka. Mngempeleka tu kwenye kambi ya kufungia wageni wa nchi za adui, akafundishe wenzake kinanda."

"Hatuna kambi ya watu wanaopasua vichwa," Kettleman akasema. Akaandika maneno ya Dell kama yalivyo, akamtaka atie sahihi, naye akatia kwa madaha, akichora na kuku mdogo pembeni ya jina.

Verna akarudi mezani kwake. Hakuwa na la kufanya ila kuhesabu. Kupitia dirishani aliliona gari la polisi limeegeshwa, na Lobl ndani yake nyuma, kofia magotini, askari mmoja pembeni anakula andazi. Watu waliokwenda chooni walipita njia ndefu ili wamwone.

Saa tisa na nusu tarishi wa ghorofani alimwekea bahasha mezani: onyesho la arobaini na moja, Dell Vickery, limerekebishwa. Verna akalitoa, akaweka jedwali lake upande wa kushoto, akaanza kupekua michoro na kuhesabu. Jogoo anainama. Jogoo anasimama. Hapo, kwa jedwali, suruali ilipaswa kudondoka mara moja pamoja na ngoma. Haikudondoka. Jogoo alisimama akiwatazama watazamaji, fremu moja, mbili, tatu, nne. Kwenye ya tano akapepesa jicho la kushoto, la kushoto tu. Kwenye ya tisa bado amesimama. Ndipo suruali ikaenda. Fremu tisa zilizoongezwa hapo zilikuwa zimekatwa kutoka kwenye kule kuinama, ili urefu wa onyesho ubaki ule ule na muziki usiharibike.

Ilikuwa nzuri. Kabla hajajua anachofanya, Verna alikuwa ametabasamu. Kisha akachukua penseli ya bluu akaandika pembeni: *hailingani na jedwali*, akaiweka kando.

Saa kumi kasoro dakika kumi Kettleman akaja na karatasi ndefu ndani ya mfuko. Nusu yake ilikuwa imekauka kahawia.

"Hii ilikuwa chini ya tumbo lake. Tuliitoa saa saba na nusu na hakuna aliyeiona ila mimi na daktari. Imejaa namba na mikwaruzo nyekundu. Nisomee, nimalize ripoti. Isije ikawa barua ya kwaheri."

"Ni jedwali lake. Akiwa chumbani humo alikuwa anaandika marekebisho kwa penseli nyekundu, huku mkanda unakwenda." Verna akavaa miwani. "Thelathini na nane, sawa. Thelathini na tisa, *tromboni iingie zaidi puani*. Arobaini, sawa. Arobaini na moja..."

Akaisogeza karatasi karibu na miwani.

"Arobaini na moja nini?"

"*Subiri tisa kabla ya suruali. Zitoe kwenye kuinama. Jicho la kushoto lipepese kwenye tano.*"

Kettleman akasubiri. "Ndiyo? Kuna nini hapo?"

Verna akavuta ile bahasha. Akaiweka michoro mbele ya sajini, akamhesabia kwa kidole, polepole, kama anavyomhesabia mwanafunzi wa siku ya kwanza. Alipofika kwenye tano akagonga jicho la kushoto. Alipofika kwenye tisa akagonga suruali.

"Huyu aliyechora hivi," akasema, "aliyasikia maneno haya. Mkanda uliingia mlangoni saa sita na robo. Kabla ya hapo Rademacher hakuwa na kitu cha kutazama wala cha kurekebisha. Baada ya hapo alikuwa ndani ya kile chumba, na hakutoka tena kwa miguu yake."

"Labda mchoraji alibuni mwenyewe."

"Kusubiri, angeweza kubuni. Tisa, labda. Lakini na jicho la kushoto? Na kwenye tano? Na kujua zitolewe wapi?" Akavua miwani. "Na Dell kakuambia leo hakumwona. Na sahihi ametia."

Kettleman akalitoa daftari lake, akaangalia ule mchoro wa kuku mdogo pembeni ya jina. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na haraka.

"Mahakamani mimi nitasema nini? Fremu tisa? Wakili atanicheka mpaka alie."

"Basi acha aseme mwenyewe. Mwite. Na mwite Bwana Hartzog, kwa sababu Dell mbele ya bosi hawezi kukubali kuambiwa amekosea kazi."

Saa kumi na dakika ishirini walikuwa wanne ndani ya chumba cha jasho. Maiti ilikuwa imeondolewa. Sakafu ilikuwa bado na unyevu wa dawa. Dell akaingia mikono mfukoni, akaipigia saluti sanamu.

"Leo nani anachambuliwa?"

"Wewe," Verna akasema. "Arobaini na moja nakurudishia. Suruali umeichelewesha."

"Nimeirekebisha."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya kichwa changu. Ilikuwa imekufa, dada. Inadondoka kabla watu hawajaitamani. Nikaipa pumzi."

"Pumzi ndefu mno. Bwana Hartzog, nataka zipunguzwe ziwe sita."

"Sita, tisa, mimi sijui," Hartzog akasema, akijifuta shingo. "Nyie malizeni tu."

"Sita!" Dell akacheka kwa dharau. "Mama, wewe hesabu. Kuchekesha tuachie wenyewe. Kwenye sita mtu bado anashangaa. Anahitaji kushangaa, halafu ajue, halafu aogope, ndipo udondoshe. Sita unaua onyesho zima."

Verna akaliinua lile jedwali lenye damu, likiwa ndani ya mfuko, akalishika kwa namna ambayo yeye peke yake angeweza kulisoma. "Clyde mwenyewe ameandika sita."

"Haiwezekani."

"Ameandika. Wino mwekundu. Sita."

"Tisa!" Dell akafoka. "Alisema tisa! Tisa, na jicho la..."

Akakomea hapo. Mdomo ulibaki wazi. Hartzog, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, alikuwa anageuza macho huku na huku kama mtu aliyeingia sinema katikati.

"Ni tisa," Verna akasema. Akaligeuza jedwali. "Na ni penseli, siyo wino. Mimi ndiye mwongo. Alikuambia lini, Dell?"

"Jana."

"Jana onyesho hilo lilikuwa maabara. Alikuwa hajaliona."

"Basi asubuhi."

"Umesaini kwamba leo hukumwona," Kettleman akasema kutoka mlangoni. "Ukanichorea na kuku."

Dell akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Kilikuwa kiti cha Rademacher. Akatazama skrini nyeupe mbele yake.

"Sikuelewi," Verna akasema. "Umempasua kichwa, halafu ukaenda mezani kwako ukamtii."

"Alikuwa amesema kweli," Dell akajibu kwa sauti ndogo. "Ndilo lililoniuma. Nilijaribu kuliacha. Nilikaa mezani saa nzima nikilitazama onyesho, na kila nikilipekua nasikia pale mahali panadai tisa. Singeweza kuliacha liende likiwa bovu, dada. Jina langu lingekuwa juu yake."

"Kwa nini ulimpiga?" Kettleman akauliza.

"Ile orodha."

Hartzog akaguna. Yeye aliijua orodha. Jeshi lilikuwa linataka wachoraji watatu wa kutengeneza filamu za kufundishia askari, hapo hapo California, na hao wasingepelekwa vitani. Majina yalipaswa kufika kesho yake, na Rademacher ndiye aliyekuwa anayaandika.

"Kwa wiki tano alikuwa ananiandika na kunifuta," Dell akasema. "Nikimchekesha, naandikwa. Nikikohoa, nafutwa. Mdogo wangu kazama na meli mwaka jana, Clyde alikuja kwenye misa, alikula nyumbani kwa mama yangu. Asubuhi hii kanibandika ukutani naelea kama yeye. Na nikacheka, mliniona. Nikaja hapa mchana kumwomba. Nilipiga magoti, Lew. Hapo ulipokanyaga. Akaniambia kaa kwanza tutazame suruali. Tukatazama. Akaandika tisa, akaandika jicho. Akasema, Dell, hakuna mtu duniani atakayelichora hili kama wewe, harakisha kabla hujaenda kulisha samaki, maana nimeshampa nafasi yako mpwa wa mke wangu. Akageukia skrini, akaanza kucheka. Sanamu ilikuwa hapa karibu na mkono wangu. Ikiwa na ile pua."

"Na alama zako za vidole?"

"Niliiacha kama ilivyo. Nilinawa nikarudi kwenye karata nikingoja kushikwa. Kisha nikasikia Profesa ameikuta na kuifuta." Alicheka, na kile kicheko kilikuwa kibaya kukisikia. "Kaifuta! Miezi mitatu anaifuta. Ningefanya nini?"

"Ungesema," Verna akajibu. "Ulijua atakufa kwa ajili yako."

"Nilijua."

"Ulimpelekea kahawa."

"Saa tisa na robo," Dell akasema. "Garini. Aliniambia asante, mwanangu."

Kettleman akamfunga pingu. Walipopita koridoni michoro ya ukutani ilikuwa bado imebandikwa, na wachoraji walisimama pande zote mbili. Alipofika mlango mkuu, mmoja akaanza kupiga makofi, kama utani, akaona hakuna anayemfuata, akaficha mikono.

Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Verna alitoka nje mwenyewe kwenda kulifungua lile gari. Lobl aliteremka kwa shida, miguu imekufa ganzi, na askari akamwambia sogea, mzee, nafasi inahitajika. Dell akaingizwa pale pale alipokuwa amekaa. Hawakutazamana.

"Umeachiwa, Profesa," Verna akasema. "Ni yeye."

"Yule kijana."

"Ndiyo."

Mzee akavaa kofia. Akaivua. Akaivaa tena. "Wamesema wewe ndiye uliyegundua."

"Nilihesabu tu."

"Asante, Bi Verna." Akamtazama usoni, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomfanya Verna atamani ardhi ipasuke. "Jumanne, walipowasha taa, nilikutafuta wewe. Nilifikiri huyu huwa hacheki. Ulikuwa unajifuta machozi."

Verna angeweza kusema mambo mengi. "Nilicheka," akasema. "Ilichekesha."

Lobl akatikisa kichwa, akaanza kutembea kuelekea kituo cha basi. Alikuwa hajafika mbali Hartzog alipojitokeza kwenye ngazi, shati limemgandia tumboni, akapaza sauti: "Profesa! Okestra nimeshailipia! Jumatatu tunarekodi upya mwisho, kuna mahali pa kusubiri hapo kabla ya ngoma, nakuhitaji! Au nitafute mwingine?"

Mzee alisimama. Aliwapa mgongo muda mrefu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka, na kwenye madirisha ya juu wachoraji wawili watatu walikuwa wanamtazama, mmoja wao penseli mkononi.

"Saa ngapi?" Lobl akauliza.